Habari na Nasaba: Wana-Gazeti na Uandishi wa Asili za Koo, Kibera na Kawangware

1. Utangulizi

Neno habari limezoeleka mno kwa maana ya taarifa za gazetini na redioni, hata ni rahisi kusahau kwamba kabla ya gazeti la kwanza kupigwa chapa katika Afrika ya Mashariki neno hili lilikwisha kuwa na kazi nyingine. Habari za Pate, ambazo Alice Werner alizichapisha kwa Kiswahili katika miaka ya 1914 na 1915, si taarifa za siku. Ni masimulizi ya Wanabahani: nani alimzaa nani, nani alitawala baada ya nani, na kwa haki gani. Habari za Lamu za Shaibu Faraji, zilizotolewa na William Hichens mwaka 1938, ni za namna hiyohiyo. Hali kadhalika Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, zilizoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1895, ni historia ya ukoo mmoja uliotawala Usambara. Katika maandishi haya yote, mwandishi wa habari ni yule anayehifadhi nasaba.

Jambo hili lina uzito kwa yeyote anayechunguza mwelekeo ulioonekana katika karne ya ishirini na baada yake, yaani wa wana-gazeti kuiacha kazi ya kila siku na kugeukia uandishi wa asili za koo zao. Mara nyingi mgeuko huo huelezwa kama mapumziko ya uzeeni: mtu amechoka na vurumai za siasa, sasa anamtafuta babu yake. Makala haya yanatoa maelezo tofauti. Yanadai kwamba nasaba huandikwa kwa bidii pale inapotakiwa kuwa ushahidi, hasa ushahidi wa ardhi na wa uraia. Tena yanadai kwamba mwana-gazeti huivuta kazi hiyo kwa kuwa yeye amezoea kuandika kwa ajili ya msomaji asiyemfahamu na asiyemwamini.

Mahali palipochaguliwa kwa uchunguzi huu ni mitaa miwili ya magharibi na kusini-magharibi ya Nairobi, yaani Kawangware na Kibera. Mitaa hii haiko mbali baina yao, na mgeni huiona kuwa ni namna moja ya makazi: vyumba vya kupanga, mabati, vichochoro na vibanda vya biashara. Lakini historia ya ardhi ya kila mmoja ni mbali na ya mwenziwe, na kwa sababu hiyo uandishi wa asili nao umekwenda njia mbili.

2. Istilahi za asili

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa istilahi zipambanuliwe. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja lina upande wake. Nasaba, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mfuatano wa wazazi kurudi nyuma, nao aghalabu hufuata upande wa baba. Ukoo ni kundi la watu walio hai pamoja na wafu wao. Mlango ni tawi la ukoo. Tumbo huhesabu kwa upande wa mama, ndiyo sababu husemwa watoto wa tumbo moja. Mbari nayo imo katika Kiswahili kwa maana ya ukoo au jamaa, ijapokuwa haisikiki sana katika mazungumzo ya kawaida.

Neno hili la mwisho lataka kuangaliwa, kwa maana Kikuyu nacho kinalo. Lakini mbari ya Kikuyu si jamaa tu. Ni kizazi cha mtu mmoja aliyelima pori au kununua ardhi, na jina lake hubaki kuwa jina la kizazi chote. Ardhi hiyo, githaka, haitengani na orodha ya majina: ajuaye kuhesabu kutoka kwake mpaka kwa mwanzilishi ana haki, na asiyejua ni muhoi, yaani mtu aliyeombeshwa mahali pa kulima. Basi katika neno moja lenye sura ileile mna uhusiano wa damu tu katika lugha moja, na mna hati ya kumiliki katika lugha ya pili.

Utaratibu wa kuwapa watoto majina unazidisha ugumu. Miongoni mwa Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Majina huzunguka, na kila baada ya kizazi kimoja yule mtu wa zamani huonekana amerudi. Huu ni mpango mzuri wa kuwakumbuka wafu. Kwa mwandishi wa nasaba, hata hivyo, ni mtego: watu wawili wenye majina yaleyale, waliotenganishwa na miaka hamsini au zaidi, huweza kuunganishwa kuwa mtu mmoja, na karne nzima ikapotea pasipo mtu kutambua.

3. Kawangware: nasaba kama hati

Kawangware imo katika eneo la Dagoretti, ambalo mpaka karibu na uhuru lilihesabiwa kuwa sehemu ya nchi ya Wakikuyu wa Kiambu, wala si sehemu ya mji. Liliingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963. Kabla ya hapo, historia ya eneo hili inaanza na mkutano mashuhuri. Mwezi wa Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alifika Dagoretti, akafanya mapatano ya udugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome. Mapatano hayakudumu. Ngome ile ilivunjwa mwaka uliofuata, nyingine ikajengwa karibu na hapo, na mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki akakamatwa. Alifariki Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Udugu wa damu, ambao kwa desturi humwingiza mgeni katika nasaba, ulikuwa umetumika kama mlango wa kuingilia katika ardhi.

Katika miaka ya 1920 mtu mmoja aliyekuwa akiishi Dagoretti na kuwa na duka huko alikuja kushika uhariri wa gazeti. Mtu huyo ni Jomo Kenyatta, na gazeti ni Muigwithania, maana yake mpatanishi, lililoanza mwaka 1928 likiwa sauti ya Chama Kikuu cha Wakikuyu. Mwaka uliofuata Kenyatta alikwenda Uingereza kupeleka malalamiko ya ardhi. Miaka ya 1930 alisoma elimu ya mila na desturi kwa Bronislaw Malinowski mjini London, na mwaka 1938 kitabu chake juu ya Wakikuyu kilitoka. Mfuatano wa sura zake ni ushahidi tosha kwa hoja ya makala haya: kitabu kinaanza na asili ya kabila na mpangilio wa jamaa, na mara baada ya hapo kinaingia katika umilikaji wa ardhi. Mhariri wa gazeti alikuwa amegeuka mwandishi wa asili, lakini swali lake lilikuwa lilelile la gazetini.

Baina ya safari ile na kitabu kile palitokea jambo jingine kubwa. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter, ilikusanya ushahidi kuanzia mwaka 1932 na kutoa taarifa yake mwaka 1934. Mbari kwa mbari zilipeleka madai ya ardhi zilizochukuliwa, na madai hayo yalitaka kutaja mwanzilishi, wanawe na mipaka. Masimulizi yaliyokuwa yakisemwa katika mabaraza ya wazee yakaandikwa kwenye karatasi, yakahesabiwa kwa vizazi na kukadiriwa kwa miaka. Si vigumu kuona kilichotokea kwa fasihi simulizi ya aina hiyo. Nasaba iliyokuwa ikinyumbuka kulingana na baraza na wasikilizaji ililazimika kusimama mahali pamoja, na toleo lililoandikwa mbele ya tume likaanza kuyahukumu matoleo mengine yote.

4. Mlinzi wa Kabete

Mfano ulio bora zaidi wa mwana-gazeti aliyegeukia asili yake, katika sehemu hizi, ni Henry Muoria. Alizaliwa mwaka 1914 huko Kabete, jirani na Dagoretti. Alikuwa mfanyakazi wa reli, akajifunza kazi ya uandishi wa magazeti kwa njia ya posta, na mwaka 1945 akaanzisha gazeti lake kwa lugha ya Kikuyu, Mumenyereri. Jina hilo maana yake ni mlinzi, yaani mwenye kuyatunza mambo mema ya Wakikuyu. Mwaka huohuo alitoa kijitabu kilichowauliza watu wake wafanye nini, na mwaka 1947 akatoa kingine juu ya Kenyatta aliyekuwa amerejea nchini. Hakuwa mtu wa kuwahi matukio tu. Katika maandishi yake hoja za siasa zilichanganyika na mashauri ya malezi, ya elimu na ya mwenendo wa nyumbani.

Mwaka 1952 Muoria alisafiri kwenda Uingereza. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na Mumenyereri likapigwa marufuku. Mhariri akabaki London, akafanya kazi katika reli ya chini ya ardhi, na familia yake ikawa imegawanyika baina ya miji miwili. Mtu aliyekuwa na wasomaji wake kila juma akawa hana hata mmoja. Hapo ndipo kalamu yake ilipogeuka. Aliandika juu ya maisha yake, mahali alipozaliwa na watu aliotoka kwao, na sehemu ya maandishi hayo ikachapishwa Nairobi mwaka 1994, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Alikuwa amepata umri wa miaka 80.

Kisa hicho hakikuishia kwake. Mwaka 2009 palitoka kitabu chenye vijitabu vyake vya Kikuyu pamoja na tafsiri, kilichotayarishwa na binti yake, Wangari Muoria-Sal, akishirikiana na Bodil Folke Frederiksen, John Lonsdale na Derek Peterson. Ndani yake mna habari za familia ya Nairobi na habari za familia ya London. Jambo hili linastahili kuzingatiwa na wanafunzi wa lugha. Kwa kawaida nasaba ya Kikuyu hushikwa na wanaume na kufuata wanaume. Hapa aliyeikusanya ni binti, naye hakuanza na orodha ya mababu bali na magazeti, barua na kumbukumbu za nyumbani. Maandishi ya mwana-gazeti yaliyokuwa yamekusudiwa kuisha na juma lake ndiyo yaliyokuja kuwa urithi wa ukoo. Neno habari likawa limerudi kwenye maana yake ya zamani kwa njia ambayo mwandishi mwenyewe hakuipanga.

5. Kibera: nasaba bila hati

Ukiondoka Kawangware na kuelekea Kibera, historia inabadilika. Hapa hapana mbari wala mwanzilishi aliyefyeka pori kwa ajili ya wanawe. Wakazi wa kwanza wa makazi haya walikuwa askari wa Kisudani na jamaa zao, ambao leo huitwa Wanubi. Chanzo chao cha karibu ni majeshi ya Emin Pasha katika jimbo la Ikweta. Mwaka 1891 Lugard, yuleyule wa Dagoretti, aliwakuta Kavalli karibu na Ziwa Albert wakiwa chini ya Selim Bey, akawachukua kwenda kuitumikia Kampuni huko Uganda. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi. Mwaka 1902 vikosi vya nchi hizi viliunganishwa kuwa King's African Rifles, yaani KAR, na tangu miaka ya mwanzo ya karne hiyo askari waliostaafu wakaanza kukaa katika msitu uliokuwa nje ya Nairobi. Kwa Kinubi msitu huitwa kibra, na kutoka hapo likapatikana jina la mahali. Mwaka 1918 ardhi ya eka karibu 4,200 ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi.

Haki ya kukaa Kibera ilitokana na utumishi. Aliyeruhusiwa ni aliyekuwa na kibali cha jeshi, na kibali kilitolewa kwa askari, si kwa kizazi. Mwaka 1928 usimamizi uliondolewa jeshini ukapewa maofisa wa kiraia. Tume ileile ya Carter iliyosikiliza mbari za Wakikuyu iliamua kwamba Wasudani wa Kibera walikuwa wapangaji tu kwa hiari ya Serikali ya Mfalme. Hapa ndipo tofauti ya mitaa hii miwili inapodhihirika. Mbele ya tume moja, nasaba ya Mkikuyu ilikuwa dai lililostahili kupimwa, hata kama lilikataliwa. Nasaba ya Mnubi haikuwa na pa kusimama, kwa maana iliongoza kwenye nchi nyingine.

Kwa nini hapakutokea Kibera gazeti la mfano wa Mumenyereri? Jibu mojawapo ni la lugha. Kinubi, ambacho Bernd Heine alikieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1982, ni lugha iliyozaliwa kambini kutokana na Kiarabu, na sehemu kubwa ya msamiati wake ni ya asili hiyo, ilhali mpangilio wake wa maneno umekwenda njia yake. Ilikuwa lugha ya nyumbani na ya jeshi. Wenyewe walipoandika waliandika malalamiko na maombi kwa serikali, nayo yalikuwa kwa lugha ya serikali. Yaliyobaki yalihifadhiwa vinywani.

Hata hivyo lugha yenyewe ni aina ya kumbukumbu. Mtafiti asiyepata karatasi hupata maneno. Kinubi kina udugu na Kiarabu cha Juba, na udugu huo ni ushahidi wa chimbuko moja ambao hakuna ofisi inayoweza kuupoteza. Majina ya vijiji nayo yanasema: Kambi Muru ni jina linalokumbusha kambi ya askari na pia linakumbusha Wamoru wa Sudani ya Kusini. Askari hao walitoka katika makabila mengi, na wengi wao waliingia jeshini wakiwa mateka. Wakawa taifa moja kwa dini ya Kiislamu, kwa lugha na kwa ndoa, wala si kwa babu mmoja. Anayewaandikia nasaba kwa kielelezo cha mbari atawakosea, kwa sababu umoja wao ulitengenezwa baadaye kuliko damu yao.

Baada ya uhuru swali la asili lilirudi kwa sura ya kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyefikia umri wa miaka 18 alitakiwa kupita mbele ya kamati ya uchunguzi na kuonyesha ushahidi juu ya wazazi na mababu zake, jambo ambalo vijana wa makabila mengine mengi hawakutakiwa kulifanya. Hivyo nasaba ikawa mtihani. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa asili ya Kinubi kuhusu uraia. Mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alikabidhi kwa jamii ya Wanubi hati ya eka 288 za Kibera. Eka hizo ni kama sehemu moja kati ya kumi na tano za hifadhi ya mwaka 1918. Ni ushindi, tena ni kipimo cha kilichopotea. Ikumbukwe pia kwamba mwenye kuikabidhi hati hiyo alikuwa mwana wa yule mhariri wa Muigwithania.

6. Tatizo la ushahidi

Kazi ya mwana-gazeti ni kuuliza, kuandika na kulinganisha. Anapogeukia nasaba hukutana na shahidi wa namna nyingine: mzee anayesimulia jambo ambalo hakuliona, na ambaye anajua fika kwa nini anaulizwa. Mfano mashuhuri kuliko yote ulimwenguni ni wa Alex Haley wa Marekani. Haley alitumikia jeshi la ulinzi wa pwani kwa miaka 20, akawa mwandishi wa magazeti, na mwaka 1965 akatoa kitabu cha maisha ya Malcolm X. Mwaka 1976 alitoa Roots, kitabu kinachodai kuifuata nasaba ya mama yake mpaka kijiji cha Juffure nchini Gambia. Kilipofanywa mchezo wa televisheni mwaka 1977 kilitazamwa na mamilioni, na watu weusi wengi wa Marekani wakaanza kutafuta asili zao.

Mwaka 1981 wanahistoria walikichunguza kwa makini. Donald Wright, aliyefanya utafiti Gambia, alionyesha kwamba mzee aliyemsimulia Haley hakuwa mhifadhi wa nasaba kwa kazi, na kwamba masimulizi yake yalifuata mno yale ambayo mgeni alitamani kuyasikia. Gary na Elizabeth Mills walionyesha kasoro katika upande wa nyaraka za Marekani. Funzo lake si kwamba masimulizi ya mdomo hayafai. Funzo ni kwamba swali la mwulizaji huingia ndani ya jibu. Tume ya Carter iliuliza juu ya mipaka, ikapewa mipaka. Kamati ya vitambulisho iliuliza juu ya mababu, na aliyetaka kitambulisho hakuwa na njia ila kuleta mababu.

Magazeti yenyewe si salama kutokana na kasoro hiyo. Kwa miaka mingi iliandikwa magazetini na vitabuni kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata 170,070. Mabishano juu ya mipaka ya mtaa na namna ya kuhesabu hayawezi kuufuta mwanya mkubwa kiasi hicho. Idadi ilirithiwa kutoka kwa mwandishi mmoja hadi mwingine, kama jina la babu linavyorithiwa, bila ya mtu kuuliza nani aliyehesabu kwanza. Kwa hiyo mwana-gazeti hana haki ya kumdharau mzee wa ukoo. Wote wawili hupokea, na wote wawili hupaswa kuulizwa wamepokea kutoka kwa nani.

Katika Kenya mfano ulio karibu na Haley ni wa Joe Khamisi, mwandishi wa habari aliyewahi kuliongoza Shirika la Utangazaji la Kenya na kuwa mbunge wa Bahari tangu mwaka 2002 hadi 2007. Mwaka 2014 alitoa maisha yake akijitaja waziwazi kuwa mzao wa watumwa, na mwaka 2016 akatoa utafiti juu ya makazi ya watumwa waliokombolewa ya Rabai na Freretown. Alichokifanya Khamisi kina ujasiri wa pekee, kwa sababu hakutafuta jina la babu mwenye cheo. Wahenga wamesema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Historia ya Rabai inaugeuza usemi huo: mtumwa ndiye aliyeachishwa asili, naye hana kosa. Wanubi wa Kibera, ambao mababu zao wengi walikuwa mateka, wako karibu zaidi na Rabai kuliko na Kawangware, ingawa Rabai iko pwani.

7. Walioachwa nje ya orodha

Yabaki suala la wale ambao hakuna nasaba inayowataja. Orodha ya mbari haikuwahesabu wahoi, nao walilima, wakaoa na kuzika katika ardhi ileile. Marekebisho ya ardhi ya miaka ya 1950, yaliyofanywa wakati wa hali ya hatari, yaliigeuza githaka kuwa viwanja vya watu mmoja mmoja vyenye hati. Muhoi akapoteza hata ule wasaa wa kuombeshwa. Mji ulipofika Kawangware, mwenye hati alijenga vyumba, na vyumba vikajazwa na watu waliotoka magharibi ya Kenya na kwingineko. Hawa nao wana koo zao, ambazo zimebaki kwenye makaburi ya mbali.

Hatari ya jambo hili ilionekana mwezi wa Oktoba 2017, wakati wa mzozo wa uchaguzi, ambapo maduka na nyumba zilichomwa moto Kawangware na majirani wakapambana kwa misingi ya kabila. Kibera ilikwisha kuonja machungu hayo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nyakati kama hizo swali jepesi kabisa la Kiswahili, wewe ni wa wapi, huacha kuwa salamu na kuwa hukumu. Mwandishi wa nasaba hawezi kujitoa katika hatari hiyo kwa kusema kwamba yeye anakusanya majina tu. Kila orodha inayosema nani wa hapa, inasema vilevile nani si wa hapa.

Wanawake nao wamepotea kwa njia nyingine. Katika Kibera ndio walioifanya lugha ya kambi kuwa lugha ya mama, na bila wao Kinubi kisingeishi zaidi ya kizazi cha askari. Lakini kibali cha jeshi kiliandikwa kwa jina la mume. Neno tumbo, ambalo Kiswahili kimelihifadhi kwa ajili ya hesabu ya upande huo, halina nafasi katika fomu ya ofisi yoyote.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba mwana-gazeti anapoandika asili ya ukoo wake haondoki katika habari. Anaingia katika maana ya zamani zaidi ya neno hilo. Imeonekana pia kwamba Kawangware na Kibera, ambazo historia zake zote mbili zilipitiwa na mtu mmoja katika miaka ya 1890 na 1891, ziliachiwa urithi usiolingana: upande mmoja ukapata wahariri na hati, na upande wa pili ukabaki na lugha na makaburi.

Kazi iliyo mbele ya idara za lugha ni dhahiri. Kumbukumbu za Kinubi za Kibera zinahitaji kurekodiwa kwa Kinubi chenyewe, pamoja na jina la msimulizi, siku ya kusimulia na sababu ya kuulizwa, kabla ya wazee waliozaliwa chini ya vibali vya jeshi kutoweka. Kazi hiyo ikifanywa na vijana wa mtaa wenyewe waliozoea kuandika habari, itakuwa imefanywa na watu wanaofaa. Nao watakapoulizwa tena na kamati yoyote babu yao ni nani, watakuwa na jibu ambalo halikutungwa kwa ajili ya kamati.